Kuuza na kuuzisha: Jumamosi moja ya fundi wa Kitanzania mjini Lubumbashi

Usuli

Kisa hiki kinamhusu fundi wa mitambo kutoka Tanzania aliyekuwa katika wiki yake ya tano ya kazi Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina lake, mwajiri, mtaa aliopanga na ofisi alizoingia vimeondolewa. Mfuatano wa saa na hesabu za pesa vimeachwa kama vilivyokuwa siku ile. Kiwango cha dola hupanda na kushuka, kwa hiyo kinachofaa kuchukuliwa hapa ni namna ya kupiga hesabu, siyo bei zenyewe. Saa zote zimeandikwa kwa Kiswahili cha kwao, kwa majira ya Lubumbashi, ambayo yako nyuma ya Tanzania kwa saa 1.

Fundi hufanya kazi siku sita na kupumzika Jumapili. Jumapili Lubumbashi ni siku ya kanisa na familia; ofisi za pesa zimefungwa na maduka mengi hayafunguliwi. Mwajiri wake humpa Jumamosi moja huru kila mwezi, na hiyo ndiyo siku pekee anayoweza kukuta soko na dirisha la ofisi vyote viko wazi. Akiipoteza, anasubiri mwezi mzima.

Usiku wa Ijumaa aliandika shughuli zake kwenye karatasi: chakula cha wiki mbili, kubadilisha pesa, kutuma dola 150 nyumbani kwa ajili ya ada ya shule inayotakiwa Jumatatu, laini ya simu ya Kongo, dawa ya presha, kichwa cha soketi (adapta), kushona viatu, kunyoa. Ziliandikwa jinsi zilivyomjia kichwani. Chakula kilitangulia kwa sababu kwao sokoni huendwa asubuhi.

Mfukoni alikuwa na dola 250: noti moja ya 100 na noti tatu za 50. Alikuwa pia na nakala ya pasipoti. Pasipoti yenyewe aliifungia chumbani, kama wenzake walivyomshauri.

Siku ilivyokwenda

Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, simu ikabaki na asilimia 20. Saa 12:30 asubuhi alifua nguo za kazi na kuzianika nje. Ilikuwa Novemba, mwanzo wa mvua.

Saa 3:30 alifika soko la commune ya Kenya. (Kwa wasioujua mji: Kenya ni commune, yaani mojawapo ya wilaya ndogo za mji wa Lubumbashi, jirani na Kamalondo na Katuba, haihusiani na Nairobi.) Pembeni mwa soko walikaa kambisti, wabadilishaji pesa wenye meza ndogo na mabunda ya franka yaliyofungwa kwa mpira. Wenzake walikuwa wamemwambia kwamba dola moja siku hizo inapata franka 2,800. Akamkaribia mmoja.

“Kaka, nauza dola mia. Unanipa kwa ngapi?”

Kambisti akajibu 2,850. Fundi akafurahi, akatoa noti ya 100. Yule bwana akaitazama noti, akashangaa kidogo, kisha akasema: “Ah, papa, njo unauzisha! Kuuzisha ni 2,800.” (“Njo” hapa ni “ndiyo”.)

Fundi aliona mtu amekwisha kuona pesa ndipo akashusha bei. Akapandisha sauti, watu wakasogea, noti ikiwa bado mkononi mwa kambisti aliyekuwa akiikagua mwangani. Akaivuta. Pembe ya noti ikachanika kama milimita 3.

Kambisti watatu waliofuata waliikataa. Wa nne alikubali kuipokea kwa thamani ya dola 90. Fundi akairudisha mfukoni, akabadilisha noti moja ya 50 kwa 2,800 na kupata franka 140,000. Hapo saa ilikuwa imefika 4:15.

Akanunua unga wa mahindi na maharage kwa meka, lile kopo la kupimia linalotumika sokoni, pamoja na samaki wakavu, mafuta na chumvi. Saa 5:00 akapanda taksibisi kwenda katikati ya mji. Mzigo ulichukua kiti cha pili, akalipa nauli mbili.

Saa 5:40 alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kutuma pesa. Saa 5:55 karani aliomba pasipoti. Akatoa nakala. Karani akamweleza kwa adabu kwamba nakala haipokelewi. Fundi akachukua pikipiki, manseba kama wanavyowaita madereva wake hapa, akaenda nyumbani, akaweka chakula, akachukua pasipoti na kurudi. Alifika saa 7:10. Mlango ulikuwa umefungwa saa 7:00.

Yaliyobaki yalikwenda bila tatizo kubwa. Saa 7:30 alinunua dawa. Saa 8:00 alisajili laini kwa pasipoti aliyokuwa nayo sasa. Alinunua kichwa cha soketi. Saa 9:00 mvua kubwa ikashuka na kumfungia chini ya baraza mpaka saa 10. Nguo zilikuwa bado kwenye kamba.

Maamuzi na sababu zake

Jioni ile dereva wa lori kutoka Tanzania, mtu wa mkoa wake, alijitolea kumbebea dola. Lori lilikuwa linarudi Dar es Salaam kwa njia ya Kasumbalesa, Zambia na Tunduma. Fundi alikataa kwa upole. Sababu zake zilikuwa mbili: hakuna risiti, na Kasumbalesa, ingawa ni kama kilomita 90 tu kutoka Lubumbashi, lori linaweza kulala pale siku kadhaa likisubiri kuvuka. Dereva hakuwa na nia mbaya. Lakini pesa iliyotakiwa Jumatatu isingefika kwa barabara.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutoikubali dola 90. Hapa alifikiri vizuri. Kwa kanuni za Marekani, noti ambayo zaidi ya nusu yake ipo na inatambulika haipotezi thamani, na hii ilikosa ncha tu. Kinachoikataa ni mazoea ya barabarani: kila anayepokea noti Kongo anamfikiria mtu wa baada yake atakayeikataa. Akaamua kuitunza katika bahasha mpaka likizo.

Uamuzi wa tatu ndio uliomwokoa. Jumapili alimpigia msimamizi wake, akaeleza yote, akaomba saa moja Jumatatu asubuhi. Watu wengi walio ugenini huona aibu kuomba ruhusa kwa jambo la nyumbani. Yeye aliomba, akapewa.

Matokeo

Jumatatu saa 3:10 alituma dola 150: mbili za 50 alizobaki nazo na 50 aliyokopa kwa mwenzake. Ada ya kutumia huduma alilipa kando kwa franka. Mkewe alipokea siku hiyohiyo mchana, akalipa shule Jumanne asubuhi, siku moja baada ya tarehe, kwa makubaliano na mhasibu wa shule. Hasara iliyohesabika ilikuwa nauli za ziada na deni la dola 50. Dola 100 zililala kwenye bahasha. Viatu na kunyoa havikufanyika.

Neno moja, maana mbili

Hapa ndipo kisa kilipo. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, *kuuza* ni kile Mtanzania anachokiita kununua, na *kuuzisha* ndiko kuuza. Siyo makosa ya lugha. Mnyambuliko wenyewe unaeleza: anayeuzisha anamfanya mwenzake auze, yaani anunue. Watu wa mji huu wamezaliwa nayo na hawana sababu ya kuhisi kwamba mgeni anayezungumza Kiswahili kama wao ana maana iliyogeuka.

Rudia mazungumzo yale ukiwa kwenye kiti cha kambisti. Mteja anasema “nauza dola mia”. Kwako amesema anahitaji dola. Unampa bei ya kumpatia dola, 2,850, ambayo lazima iwe juu ya bei unayonunulia, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo chakula chako. Kisha mteja anatoa dola badala ya franka. Unaelewa umekosea kusikia, unamrekebisha na kumtajia bei sahihi ya upande wake. Bei aliyotaja ilikuwa ileile 2,800 ambayo fundi alikuwa ameambiwa na wenzake. Kambisti alikuwa mkweli toka mwanzo hadi mwisho.

Tofauti iliyogombewa ilikuwa franka 50 kwa kila dola, jumla franka 5,000 kwa dola 100. Haifiki dola 2. Kwa ajili yake noti nzima ya 100 ilitoka kwenye matumizi.

Mtanzania au Mkenya anayekwenda Goma, Bukavu au Lubumbashi huambiwa, “Huko wanaongea Kiswahili, hutapata shida.” Maneno hayo yanamnyima tahadhari ambayo angekuwa nayo katika mji wa Kifaransa kitupu. Fundi huyu angekuwa Kinshasa angeonyesha kwa vidole na kuandika namba. Lubumbashi hakuandika kitu, kwa sababu alisikia lugha ya mama yake.

Dawa yake ni kukiacha kabisa kile kitenzi. Sema: “Niko na dola, nataka franka.” Sentensi hiyo haina njia ya kugeuka. Kisha omba kambisti aandike kiwango kwenye kikokotoo, kwa sababu namba sokoni husemwa mara nyingi kwa Kifaransa, na sikio lisilozoea huchanganya kirahisi. Namba ikiwa kwenye kioo na wote wawili mmeiona, toa noti.

Noti zenyewe

Dola inayopita bila maswali Lubumbashi ni safi, isiyochanika, isiyoandikwa kwa kalamu, isiyo na muhuri, na siyo ile ya zamani yenye kichwa kidogo. Noti ya dola 1 wengi hawaipokei kabisa. Franka ni kinyume: noti ya 500 iliyochoka na kuunganishwa kwa gundi huzunguka bila taabu. Kwa hiyo dola huwekwa katika bahasha ngumu, bila kukunjwa, mbali na funguo na sarafu. Wakati wa kukaguliwa, iache mkononi mwa anayeikagua. Ukitaka kughairi, mwambie airudishe. Usiivute.

Ukibadilisha dola 50 kwa 2,800, usikubali bunda la noti ndogo ulizohesabiwa haraka. Franka 140,000 zinaweza kuja hivi: noti 5 za 20,000, noti 2 za 10,000, na 20,000 zilizobaki katika noti za 1,000 na 500 kwa ajili ya nauli. Noti 7 kubwa unazihesabu kwa sekunde 10. Noti 140 za 1,000 zinahitaji kuhesabiwa moja moja, mpira ukiwa umetolewa, maana noti iliyokunjwa katikati ya bunda huhesabika mara mbili.

Jambo jingine ambalo fundi hakulifikia siku ile lakini litamfikia: maduka makubwa yana kiwango chao cha dola kwenye kaunta. Duka likihesabu dola kwa 2,700 wakati nje ni 2,800, kila dola 20 unayolipa pale unaacha franka 2,000. Chenji ya dola nayo hurudi kwa franka. Uliza kiwango kabla ya kujaza kikapu, ulipe kwa pesa inayokufaa.

Saa ya kufunga isiyoandikwa mlangoni

Fundi aliamini kwamba alichelewa kwa dakika 10, kwa sababu ya pasipoti. Ukweli ni mgumu zaidi. Tawi ambalo mkewe angepokelea pesa lilifunga Jumamosi saa 6:30 mchana za Tanzania, yaani saa 5:30 za Lubumbashi. Fundi alifika dirishani saa 5:40. Hata angekuwa na pasipoti mkononi, mkewe asingeipata pesa kabla ya Jumatatu.

Hesabu sahihi huanzia kwa mpokeaji. Tawi lake linafunga saa 6:30. Toa saa 1 ya safari yake kutoka kijijini na nusu saa ya foleni: anahitaji namba ya muamala saa 5:00 za Tanzania. Hiyo ni saa 4:00 za Lubumbashi. Foleni ya Lubumbashi nusu saa. Kwa hiyo mtumaji awe mlangoni saa 3:30 asubuhi. Ni wakati uleule fundi alipokuwa akishuka sokoni.

Ofisi za Kongo hutaja saa kwa Kifaransa na kwa mtindo wa saa 24. Saa 13 yao ni saa 7 mchana yetu. Andika zote mbili kwenye karatasi. Weka pia kwenye kalenda siku ambazo hazifanyi kazi na ambazo mgeni hazijui: tarehe 4, 16 na 17 Januari, 30 Juni, na 1 Agosti ambayo ni siku ya wazazi, watu wakienda makaburini asubuhi kusafisha na kuwakumbuka.

Pasipoti

Ushauri wa kuiacha pasipoti nyumbani ni mzuri kwa siku ya kutembea tu. Siku yenye shughuli ya kutuma pesa au kusajili laini, nakala haitoshi, na kila saa unayotumia kuifuata inakula muda wa dirisha. Namna inayofaa: beba pasipoti kwa shughuli mbili hizo kwanza, zikiisha irudishe nyumbani, kisha utoke tena na nakala. Fundi aliifanya safari hiyohiyo ya kurudi nyumbani, ila kwa mpangilio uliogeuka, na akiwa na mzigo wa unga.

Yaliyokwenda vizuri

Dawa. Fundi alikuwa amebeba boksi tupu la dawa yake, akaonyesha jina la dawa yenyewe, amlodipini ya miligramu 5, badala ya jina la kibiashara la Tanzania ambalo mfamasia asingelijua. Alinunua maboksi 2 ya vidonge 30, kidonge kimoja kwa siku, yaani siku 60, na akasoma tarehe ya mwisho kwenye karatasi ya vidonge siyo kwenye boksi tu. Wenye presha walio ugenini huacha dawa kwa sababu hawajui jinsi ya kuiomba. Boksi tupu halina uzito, libebwe.

Kichwa cha soketi pia alikichagua vizuri. Plagi ya Tanzania ya meno matatu bapa haiingii kwenye soketi za huku zenye matundu mawili ya duara. Vichwa vyepesi vya bei ndogo vinatosha kuchaji simu. Birika la umeme la wati 2,000 kwa volti 220 linavuta kama ampea 9, na kichwa chepesi kitayeyuka. Aliuliza kilichoandikwa ampea 16.

Laini aliisajili kwa jina la pasipoti, herufi kwa herufi. Asichoelezwa ni kwamba pochi ya simu ya Kongo ina sehemu mbili, ya dola na ya franka. Ukiweka franka kisha ukajaribu kulipa dola, salio litasoma sifuri na utadhani umeibiwa. Na M-Pesa ya hapa si ile ya nyumbani, japo jina ni moja.

Dogo lakini linaua: Kongo magari hupita kulia. Kabla ya kukanyaga lami, jicho la kwanza liende kushoto.

Jumamosi ya mwezi uliofuata

Orodha iliandikwa upya Ijumaa, kwa saa za kufunga. Simu ilichajiwa kazini kabla ya kutoka. Mkewe alituma picha ya kitambulisho chake, majina yote matatu yakaonekana sawasawa. Saa 3:20 fundi alikuwa mlangoni mwa ofisi ya pesa na pasipoti na noti tatu za 50 katika bahasha. Saa 3:55 namba ilikuwa imekwisha kutumwa. Saa 4:40 pasipoti ilikuwa imerudi chumbani.

Kisha akaenda soko la Kenya, kwa kambisti yuleyule. “Papa, niko na dola, nataka franka,” akasema, na kumpa pole kwa ya mwezi uliopita. Yule bwana akacheka, akamwambia ameshajua sasa kwamba watu wa Tanzania huuza wanapouzisha. Kiwango kikaandikwa kwenye kikokotoo. Noti ikapita.

Chakula kilinunuliwa mwisho, mzigo ukaenda nyumbani moja kwa moja. Saa 8:20 nguo zilikuwa chini ya paa na wingu la alasiri lilikuwa linajikusanya. Viatu havikushonwa tena. Fundi viatu wa sokoni hakuja siku ile.